Sumbu Kalambay wa Lubumbashi: alikuwa bingwa wa kadiri gani?

Je, msomaji mpenzi, ukisikia jina la Sumbu Kalambay wakumbuka nini? Wengi, hata baadhi ya wenyeji wa Lubumbashi alikozaliwa, hawakumbuki neno. Na wale wachache wanaopenda mchezo wa ngumi hukumbuka jambo moja tu: usiku wa tarehe 25 Machi 1989, mjini Las Vegas, Mmarekani Michael Nunn alimwangusha kwa ngumi moja ya mkono wa kushoto, asiweze kuendelea. Sekunde 88 zilitosha. Gazeti la The Ring, linaloheshimiwa sana na watu wa mchezo huo, lilihesabu ngumi ile kuwa ndiyo iliyoangusha vizuri kupita zote za mwaka ule, na tangu hapo kila mara ionyeshwapo, Kalambay huonekana amelala chali.

Mtu huyu alipanda ulingoni mara 64 kati ya mwaka 1980 na 1993. Alishinda mara 57, akashindwa mara 6, na mara moja wakalingana. Je, ni haki miaka 13 ya kazi imezwe na sekunde 88? Nasema si haki. Walakini si haki vilevile kumpandisha juu kuliko alivyostahili kwa sababu ni mwenzetu wa Katanga. Mtu aliyekwisha kuacha ulingo hadhuriki kwa kupimwa. Nasi tumpime kwa mizani iliyo sawa, tukiuliza: katika uzito wa kati, alikuwa bingwa wa kadiri gani?

Kwanza yafaa tueleze uzito huo, maana si kila nyumba isomayo karatasi hizi huufahamu mchezo wa ngumi. Wapiga ngumi hawakutanishwi ovyo; hupimwa kwanza, kila mtu akawekwa pamoja na wenye uzito kama wake. Uzito wa kati kikomo chake ni ratli 160, yaani kilo 72 na nusu hivi. Huo ndio uzito wa mwanamume wa kawaida, si mnene wala si mdogo, na kwa hiyo wanaoushindania ni wengi mno. Tena mtu wa uzito huo ana nguvu ya kutosha kumwangusha mwenzake kwa pigo moja, naye bado ana wepesi wa kukimbia na kukwepa. Hivyo asiye na akili hadumu humo. Ndimo walimong'aa Sugar Ray Robinson, Marcel Cerdan, Dick Tiger, Carlos Monzón na Marvin Hagler. Kuwa bingwa katika orodha ya namna hiyo si jambo dogo; lakini hata mabingwa hawalingani wote.

Kalambay alizaliwa tarehe 10 Aprili 1956, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville. Alikuwa kijana wa miaka 18 tarehe 30 Oktoba 1974, siku Muhammad Ali alipomshinda George Foreman mjini Kinshasa, na nchi nzima, iliyoitwa Zaire wakati ule, ikalewa mchezo wa ngumi. Vijana wengi walitaka kuwa Ali. Wengi waliiga maneno yake na majigambo yake. Kalambay aliiga miguu. Ukitazama mapambano yake utaona: hasimami mahali pamoja, huzunguka, hunyosha mkono wa kushoto usoni pa mwenzake kama mtu abishaye hodi, kisha hayupo tena pale ngumi inapomtafuta. Alihamia Italia, akakaa katika jimbo la Marche, kando ya bahari ya Adriatic, na huko ndiko alikofanya kazi yake yote. Waitalia walimwita Patrizio.

Kazi yake haikupaa upesi. Mnamo Desemba 1985, akiwa karibu kutimiza miaka 30, alishindania taji la Ulaya mjini Ancona, mlangoni pake kabisa, dhidi ya Ayub Kalule. Huyu Kalule alikuwa mtu wa Uganda aliyehamia Denmark, naye alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1979 katika uzito ulio chini kidogo ya ule wa kati. Waafrika wawili wakagombania taji la Ulaya nchini Italia, na Kalambay akashindwa kwa pointi. Liweke neno hili akilini, msomaji, maana tutalihitaji mbele.

Basi Kalule naye akapokonywa taji lile mwaka 1986 na Mwingereza Herol Graham. Na hapo ndipo habari yetu inapoanza kweli.

Graham wa Sheffield alikuwa kama kivuli. Alipigana kwa mkono wa shoto, mikono yake akiitelemsha hata kiunoni, uso wake wazi kabisa, na hata hivyo watu hawakuweza kumgusa. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akijifunza kazi alizoea kwenda katika vilabu vya wafanyakazi, mikono yake ikafungwa nyuma, kisha akawaalika walevi wapige kichwa chake wakiweza, kwa fedha. Hawakuweza. Tarehe 26 Mei 1987, alipokutana na Kalambay huko Wembley, London, alikuwa ameshinda mara 38 bila kushindwa hata mara moja. Waingereza walikuwa wakijiandaa kumpeleka kwenye taji la dunia. Mtu wa kutoka Italia alikuwa ngazi tu ya kukanyagia.

Ngazi ile ikakataa kukanyagwa. Kwa raundi 12 Kalambay hakumfukuza Graham, maana kumfukuza Graham ni sawa na kufukuza kuku jioni: utachoka wewe. Alisubiri. Alimwacha aje, akamkuta njiani. Waamuzi wote watatu walimpa ushindi, katika nchi ya mwenzake, mbele ya watu wa mwenzake. Kwangu mimi huo ndio ushindi wake wa kwanza mkubwa, na pengine ni wa pili kwa ubora katika maisha yake. Ikiwa mtu angetaka kufahamu ufundi wa Kalambay, ningemwambia aanze hapo.

Sasa lazima tueleze jinsi taji la dunia lilivyokuwa. Tangu mwaka 1980 uzito wa kati ulikuwa na mfalme mmoja, Marvin Hagler, aliyelilinda taji lake mara 12. Tarehe 6 Aprili 1987 Hagler alishindwa na Sugar Ray Leonard, nao waamuzi waligawanyika. Tangu siku ile Hagler hakupigana tena. Leonard naye hakukaa kulilinda taji. Vyama vya ngumi, vilivyozoea kushindana vyenyewe kwa vyenyewe, kila kimoja kikatafuta bingwa wake, na katika mwezi mmoja wa Oktoba 1987 walipatikana watatu: Frank Tate kwa chama cha IBF, Kalambay kwa chama cha WBA, na Thomas Hearns kwa chama cha WBC. Ufalme mmoja ulikatwa vipande vitatu.

Kipande cha Kalambay kilipatikana mjini Livorno tarehe 23 Oktoba, alipomshinda kwa pointi Iran Barkley wa New York. (Wapenda tarehe watafurahi kujua kwamba siku ile ilikuwa imetimia miaka 25 kamili tangu Mnigeria Dick Tiger ampokonye Gene Fullmer taji hilo hilo la uzito wa kati huko San Francisco, tarehe 23 Oktoba 1962.) Barkley hakuwa fundi; alikuwa nyundo. Alikuja mbele saa zote, akitafuta pigo moja la kumaliza, na Kalambay alimzungusha kama fahali katika zizi. Watu wa Marekani hawakuangalia sana. Walisema: Barkley ni nani? Walipata jibu miezi minane baadaye, yaani tarehe 6 Juni 1988, Barkley alipomwangusha Hearns katika raundi ya tatu na kumnyang'anya taji la WBC.

Lakini kama nikiulizwa ni usiku gani Kalambay alikuwa bora kupita siku zote, nitataja tarehe 5 Machi 1988, mjini Pesaro.

Mpinzani wake alikuwa Mike McCallum wa Jamaika. Huyo alikuwa bingwa wa uzito ulio chini kidogo, hajapata kushindwa na mtu, naye alikuwa ametoka kufanya maangamizi. Mwaka 1986 alimmaliza Julian Jackson katika raundi ya pili. Mwaka 1987 alimmaliza Milton McCrory katika raundi ya 10, kisha Donald Curry katika raundi ya tano. Walimpa kwa Kiingereza jina la utani lenye maana ya mnyang'anyi wa miili, maana mapigo yake hayakutafuta kichwa kwanza. Yalitafuta mbavu na tumbo. Alivunja mtu chini, kama mkata miti, hata miguu ikalegea, ndipo akapanda juu. Mabingwa wengi wenye majina makubwa walimkwepa. Hearns hakukutana naye, wala Leonard, wala Hagler.

Kalambay hakumkwepa. Angalia jinsi alivyofanya, maana hapa ndipo mizani yetu inapopata uzito wake. Mtu apigaye mbavu sherti akaribie. Hawezi kupiga mbavu kwa mbali. Kwa hiyo kila McCallum alipotaka kukaribia alikuta mkono wa kushoto wa Kalambay umekwisha kumfika usoni. Akisimama ili kuuondoa mkono ule, Kalambay alikuwa amekwisha kusogea upande. Akikata njia, alipokewa na ngumi ya kulia. Na siku zile McCallum mwenyewe alikuwa fundi wa kupiga kwa mkono wa mbele, si mjinga wa kukimbilia tu. Hivyo lilikuwa kama shindano la walimu wawili, kila mmoja akisahihisha daftari la mwenzake. Baada ya raundi 12 waamuzi wote walimpa Kalambay. Ndiyo mara ya kwanza McCallum kushindwa katika maisha yake ya ngumi.

Mwaka 2003 McCallum aliandikwa katika jumba la mashujaa wa ngumi huko Canastota, Marekani. Wanaojua mchezo humweka miongoni mwa mafundi wakubwa wa karne ya 20. Ukitaka kujua kina cha Kalambay, tazama kina cha mtu huyu.

Nitapita upesi juu ya yaliyofuata. Tarehe 12 Juni 1988, mjini Ravenna, alimshinda kwa pointi Robbie Sims, ndugu wa Hagler kwa mama, mtu aliyekuwa amemshinda Roberto Durán miaka miwili kabla. Tarehe 8 Novemba 1988, huko Monte Carlo, alimwangusha Doug DeWitt katika raundi ya saba. Kati ya wale mabingwa watatu wa Oktoba 1987, Hearns alikuwa amekwisha kuangushwa na Barkley, na Tate alikuwa amekwisha kupigwa na Michael Nunn. Aliyebaki na taji lake ni mmoja tu, yule wa Lubumbashi.

Hapo likatukia jambo ambalo halikutokea ulingoni bali mezani. Chama cha WBA kilimtaka Kalambay apigane na Graham, ambaye alikuwa amekwisha kumshinda. Yeye akataka kukutana na Nunn, bingwa wa IBF, ili ijulikane nani mkubwa. Kwa sababu hiyo WBA ikamvua taji. Basi alipokwenda Las Vegas alikuwa ameacha nyuma kile alichokipata kwa jasho, akitafuta kikubwa zaidi. Wengine watasema alikosa busara. Nami nasema bingwa akikataa kumpiga tena mtu aliyekwisha kumpiga ili akutane na aliye hatari kuliko yeye, hatuwezi kumhesabia jambo hilo kuwa kosa.

Yaliyotokea tumekwisha kuyataja. Nunn alikuwa kijana mrefu mno kwa uzito ule, wa mkono wa shoto, hajapata kushindwa. Kalambay alibakiza wiki mbili kutimiza miaka 33. Alisogea mbele kidogo, mkono wake umeshuka, na ngumi ya kushoto ikamkuta. Sitaki kuipunguza ngumi ile. Ilikuwa ngumi halali, iliyopigwa vizuri na mtu hodari. Nakataa tu kwamba inatufunulia ukweli wote. Ngumi moja yaweza kutuambia kwamba mtu alipatikana. Haiwezi kutuambia ni raundi ngapi alizokuwa hapatikani.

Tena tazama kalenda ya miezi ile michache, msomaji, nawe utashangaa. Mwezi mmoja kabla ya Kalambay kuanguka, taji la WBC lilikuwa bado mikononi mwa Barkley, mpaka Durán alipolichukua tarehe 24 Februari 1989. Wiki tatu na kitu baada ya Kalambay kuanguka, chama kipya cha WBO kilitafuta bingwa wake wa kwanza wa uzito wa kati, na waliopigana walikuwa DeWitt na Sims, DeWitt akashinda. Na tarehe 10 Mei 1989, taji la WBA alilovuliwa Kalambay liligombaniwa mjini London na McCallum na Graham. McCallum akashinda kwa waamuzi waliogawanyika. Hesabu majina: Barkley, DeWitt, Sims, McCallum, Graham. Watu watano wakipigania mataji ya dunia kabla na baada ya usiku ule wa Las Vegas, na wote watano, Kalambay alikuwa amekwisha kuwashinda katika muda wa miezi 18 tu, tangu Mei 1987 mpaka Novemba 1988.

Sijui bingwa mwingine wa miaka ile ambaye angeweza kuonyesha orodha kama hiyo kwa muda mfupi hivyo.

Sasa tusikilize wanaompinga, maana hoja zao si za bure. Wa kwanza husema: alishindia nyumbani. Ni kweli kwamba Livorno, Pesaro na Ravenna ziko Italia, na kila apendaye ngumi ajua kwamba waamuzi nao wana masikio, husikia kelele za watu. Lakini ushindi wake juu ya Graham mwaka 1987 ulipatikana Uingereza. Na lile neno nililokuomba uliweke akilini: mwaka 1985, Ancona, katika jimbo lake mwenyewe, waamuzi walimpa ushindi Kalule. Kama nyumba ingekuwa inampa pointi za bure, ingempa siku ile.

Wa pili husema: hakuwa na pigo zito. Hapa nakubali nusu. Kati ya ushindi wake 57, mara 33 alimaliza kabla ya mwisho, na hiyo si hesabu ya mtu mwenye mikono ya pamba. Lakini walio wakubwa kweli, alipokutana nao, ilimpasa afanye kazi hata kengele ya mwisho. Hagler aliwamaliza kabla ya mwisho watu 52 kati ya 62 aliowashinda. Mtu asiye na pigo la kumaliza habahatiki: akifanya kosa moja katika raundi ya 11, kazi ya raundi 10 yaweza kupotea, naye hana njia ya kuirudisha kwa mkato. Hiyo ni pengo ya kweli katika silaha zake, na kwa ajili yake siwezi kumweka karibu na Robinson au Monzón, ambao walijua kupiga kwa akili na kuangusha pia.

Wa tatu husema: alilinda taji mara tatu tu. Ni kweli. Hagler mara 12, Monzón mara 14, Kalambay mara 3. Walakini tukihesabu idadi peke yake tutakuwa kama mwenye duka ahesabuye magunia bila kutazama kilichomo ndani. Wako mabingwa waliolinda mataji mara nyingi dhidi ya watu wasiojulikana hata katika miji yao. Mara ya kwanza Kalambay kulinda taji lake alisimama mbele ya McCallum.

Kuna pia ushahidi wa miaka yake ya uzee, ambao wengi huusahau kwa sababu macho yao yalibaki Las Vegas. Wapiga ngumi wengi walioangushwa namna ile huwa watu wengine. Miguu hubaki, moyo huondoka. Kalambay alirudi kazini. Tarehe 1 Aprili 1991, huko Monte Carlo, alikutana tena na McCallum, safari hii McCallum akiwa ndiye bingwa. Walipigana raundi 12 nyingine, waamuzi wakagawanyika, na McCallum akashinda. Kwa hiyo katika raundi 24 walizopigana watu hao wawili, kila mmoja alishinda mara moja. La Kalambay waamuzi wote walikubaliana, la McCallum walitofautiana. Sisemi kwamba Kalambay alikuwa mkubwa kuliko McCallum, maana McCallum alidumu miaka mingi na alishinda mataji katika uzito wa namna tatu. Lakini wakisimama wawili hao ulingoni, walikuwa sawa na sawa.

Mwaka 1992, akiwa karibu na miaka 36, alimshinda tena Graham kwa pointi mjini Pesaro, na taji la Ulaya likabaki mabegani mwake. Na tarehe 22 Oktoba mwaka uleule, mjini Verbania, alikutana na Mwairishi Steve Collins. Pambano lile lilikuwa la jasho na karibu sana. Mwamuzi mmoja hakuona mshindi, wawili walimpa Kalambay. Baada ya siku ile Collins hakushindwa tena na mtu yeyote. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1994, akapanda uzito, akamshinda Chris Eubank mara mbili na Nigel Benn mara mbili, akaacha ngumi mwaka 1997. Mtu wa mwisho kumshinda Collins alikuwa mzee wa miaka 36 aliyezaliwa Élisabethville. Mtu asiyejua ngumi hawezi kuona uzito wa jambo hilo. Ajuaye atatikisa kichwa.

Basi nimweke wapi? Katika daraja la kwanza kabisa, la akina Robinson, Monzón na Hagler, simweki. Hakutawala muda wa kutosha, wala hakuwatisha watu kama wale walivyowatisha. Tukitazama waliozaliwa katika ardhi ya Afrika peke yao, naona wawili mbele yake. Mmoja ni Cerdan, aliyezaliwa Sidi Bel Abbès nchini Algeria, akalichukua taji kwa Tony Zale mwaka 1948, kisha akafa katika ajali ya ndege mwaka uliofuata, hivyo kwamba hatujui angalifika wapi. Wa pili ni Tiger, ambaye alikuwa bingwa wa uzito wa kati mara mbili, akamrudisha Fullmer mpaka Ibadan mwaka 1963 na kumvunja mbele ya Wanigeria wenyewe, kisha akapanda juu na kuwa bingwa katika uzito mwingine. Baada yao namweka Kalambay. Na katika ule muda mfupi kati ya kuondoka kwa Hagler na Machi 1989, naona hapakuwa na mtu wa uzito wa kati aliyestahili kuitwa wa kwanza duniani kuliko yeye. Hearns alikuwa na jina kubwa zaidi, na Nunn alikuwa na kesho iliyong'aa zaidi. Lakini kazi iliyokwisha kufanywa ilikuwa ya Kalambay.

Pambano lake la mwisho lilikuwa mjini Leicester, Mei 1993, aliposhindania taji la WBO akiwa na miaka 37, na Chris Pyatt akamshinda kwa pointi. Baadaye alibaki Italia akiwafundisha vijana mchezo wa ngumi.

Limebaki swali moja ambalo vijana huniuliza kila nitajapo habari hizi: je, angaliweza kumshinda Hagler? Yule Hagler wa mwaka 1983, aliyekuja mbele kama gari la moshi na asiyechoka, sidhani. Nadhani angalimkamata Kalambay katika raundi za mwisho, miguu ikianza kuwa mizito. Lakini yule wa Aprili 1987, aliyemtafuta Leonard raundi 12 asimpate vema, angalikutana na mtu mwenye miguu kama ya Leonard, mkono wa kushoto wa hakika, na subira ambayo Leonard hakuwa nayo. Kwa siku ile moja, mimi ningalimpa Kalambay, raundi saba kwa tano.